Moto ama Baridi? Kumkumbuka Wacuka wa Taa Kijani

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Kama uko jikoni, geuza hiyo chapati kwanza, kisha usogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa Makongeni. Jina lake Wacuka. Lakini ukienda pale mtaani uulize Wacuka ni nani, watu watakutazama tu. Uliza Mama Moto. Hapo hata mtoto atakushika mkono akupeleke.

Mama Moto alikuwa na baa. Ndiyo, najua leo ni Jumapili. Yeye mwenyewe Jumapili alikuwa anaenda misa ya kwanza, halafu anarudi kuweka supu, kwa hivyo msinitumie malalamiko. Baa yenyewe inaitwa Taa Kijani. Wateja wake wa kwanza walikuwa watu wa reli, na mtu wa reli akiona taa ya kijani anajua njia iko wazi.

Wengi wanadhani aliitwa Mama Moto kwa sababu ya hasira. Hasira alikuwa nayo, hatutadanganyana. Lakini jina lilitoka kwa bia.

Baa za zamani za mitaa yetu ya Eastlands zina swali lao. Ukishakaa, unaulizwa, "Moto ama baridi?" Sasa sikilizeni vizuri. Moto si ya kuchemshwa. Moto ni bia iliyokaa kwa kreti, haijaingia friji. Narudia kwa wale mnaosikiliza mkiwa mmeinamia simu: haijaingia friji. Tukielewana hapo, tumeelewana yote.

Wacuka alikuja Makongeni akiwa msichana, kukaa kwa shangazi yake. Akapata kazi Taa Kijani ya kuosha glasi. Siku moja weita hakuja, akaambiwa ahudumie yeye. Alikuwa anaogopa watu vibaya sana. Akafikiria, heshima ni kumpa mgeni kitu kizuri, na kitu kizuri ni kile cha friji. Akabeba bia baridi, meza kwa meza, bila kuuliza mtu.

Kwenye kona kulikuwa na kijana wa reli, Kinyanjui. Kazi yake ilikuwa kuunganisha mabehewa, na alikuwa ametoka shifti ya usiku, vidole vimekauka. Aligusa ile chupa akairudisha kwa trei.

"Msichana," akamwambia, "mimi nimetoka kwa baridi sasa hivi. Unaniletea ingine?"

Baa yote ikacheka. Wacuka alitamani sakafu ifunguke. Lakini alirudi kwa kaunta, akainama, akatoa chupa kwa kreti, akampelekea. Tangu siku hiyo hakuwahi kumpa mtu chupa bila kumuuliza. Hakuwahi. Hata mtu aliyekuja miaka na miaka, bado anaulizwa.

Mzee Kinyanjui bado yuko nasi, asante Mungu. Tulimuuliza, kwani Wacuka hakuwa anajua wewe unakunywa moto?

"Alijua," akatuambia. "Lakini aliuliza. Unajua nyumbani kwangu hakuna mtu alikuwa ananiuliza kitu? Nilikuwa naambiwa tu."

Mwenye baa alipozeeka akarudi mashambani, na Taa Kijani ikawa ya Wacuka. Na hiyo, wasikilizaji wapendwa, ilikuwa Taa Kijani yenyewe. Supu ya mifupa kwa sufuria kubwa nyeusi. Matumbo, ugali, pilipili ya kukutoa machozi. Sahani moja inawekwa katikati, na mikono inatoka kila upande. Redio ilikuwa juu ya rafu. Saa ya salamu ikifika, redio inapandishwa, watu wananyamazishwa. Mtu alikuwa anaandika kadi, anaituma mpaka stesheni, isomwe hewani kumsalimia mwenzake aliyekaa meza ya pili. Wakisikia majina yao wanashtuka na kukumbatiana kama watu waliopoteana.

Halafu mambo yakaanza kuingia moja moja.

Kwanza televisheni. Watu wakaacha kutazamana, wakatazama ukuta. Sahani ya katikati ikaanza kupoa, kwa sababu mkono unaenda kwa nyama na macho yako kwa mpira. Wacuka akawa anasimama mbele ya skrini makusudi.

"Mama Moto, toka, ni penalti!"

"Toka wewe! Hii ni supu ama ni maji ya kunawa? Mbona hamli?"

Halafu wezi wakaja. Walikuja mara moja tu, lakini ile nyavu ya chuma iliyowekwa kwa kaunta ikakaa. Sasa ile "moto ama baridi" ilikuwa inapitia kwa kishimo kidogo. "Walioiba wako nje," Wacuka alikuwa anasema, "mimi ndiye nimefungwa." Alilalamika kuhusu hiyo nyavu mpaka watu wakaizoea yenyewe kabla ya kuyazoea malalamiko yake.

Halafu magoti yakakataa. Na hapo ndipo anaingia Ryan.

Ryan ni mtoto wake wa pili. Ryan si mtoto mbaya. Wacha niseme tena, kwa sababu ananisikiliza: Ryan si mtoto mbaya. Alisomea mambo ya hoteli, akarudi na mawazo. Nyavu akaitoa, na kwa hiyo tunamshukuru. Lakini akaleta taa za zambarau, ukiingia kila mtu anakaa kama amepigwa. Akaleta sofa. Akaleta dijei na spika ndefu kama milango. Ambaro, mwenye duka la pale kando, alikuja mpaka mlangoni akiwa ameshika ushungi wake.

"Mama Ryan, vikombe vyangu vinacheza kwa rafu. Vimeanguka viwili."

"Angalau wewe ni vikombe, Ambaro. Mimi ni moyo."

Supu nayo ikahamishwa kwa bakuli ndogo. Juu yake jani.

"Ryan, hili jani ni la nini?"

"Ni urembo, mathe."

"Kwani supu inaenda harusi?"

Na orodha ya vyakula ikafutwa ukutani. Kila meza ikabandikwa kapicha ka viboksi vyeusi. Ukitaka kula, unaambiwa skani hapo. Mzee Kinyanjui ana simu ya kabambe, ile ndogo ya vitufe. Akaiweka juu ya kale kapicha, akakunja mikono, akangoja chakula. Alingoja sana.

Wacuka aliyaona hayo yote akiwa kwa kiti, mguu mmoja juu ya stuli. Alifoka, akachoka, akapumzika, akafoka tena. Lakini alivumilia, kwa sababu chini ya kaunta kreti bado ilikuwepo. Mzee akiingia, bado alikuwa anaulizwa.

Mpaka Ryan akaleta friji za vioo, ukuta mzima. Kreti zote zikatolewa. Pale chini ya kaunta pakawekwa mashine za dijei.

"Siku hizi kila mtu anataka baridi, mathe."

Kila mtu. Mimi pia ningependa kumjua huyu kila mtu, anayeulizwa kila kitu kwa niaba yetu.

Wiki hiyohiyo kulikuwa na msichana mpya wa kuhudumu, Tiffany, kutoka mtaa wa Pipeline. Mpole, anaongea kama anaomba ruhusa. Mzee Kinyanjui akaingia, akakaa kona yake, akangoja swali. Swali halikuja. Akaona aseme mwenyewe.

"Niletee moja ya moto."

Tiffany akasema sawa. Hakujua. Nani angemwambia? Friji zimejaa, kreti hakuna. Alienda jikoni, akachukua chupa kwa friji, akaitumbukiza kwa sufuria ya maji yanayochemka ya soseji.

Wasikilizaji wapendwa, kifuniko kiliruka kikagonga dari. Povu likamwagikia mpishi mpaka kwa kofia. Na Tiffany, maskini, kile kilichobaki akakimimina kwa kikombe cha chai, akakileta mezani kikitoa mvuke.

"Pole kwa kungoja, guka. Shika hapa kwa mkono wa kikombe, itakuchoma."

Kinyanjui, guka mwenyewe, yaani babu, akatazama kikombe. Akamtazama Tiffany.

"Na mandazi?"

Baa ililipuka. Watu walishika mbavu. Ryan mwenyewe alitoa simu akaanza kurekodi. Wacuka pekee hakucheka. Alishika ukuta, akasimama na magoti yake, akaenda nyuma jikoni, ambako Tiffany alikuwa anajifuta macho na aproni.

Tiffany, aliyekuwa anamwita shosho, yaani nyanya, alituambia walichoongea.

"Nilidhani anakuja kunifuta kazi. Akaniuliza, 'Nani alikufundisha?' Nikamwambia hakuna, shosho. Akakaa juu ya gunia la viazi, akaniambia vile yeye siku yake ya kwanza alipelekea watu wote baridi, na ni huyohuyo mzee alimwaibisha. Akasema, 'Huyo mzee ni mtundu tangu zamani. Panguza uso.'"

Halafu Wacuka akarudi mbele, akasimama kwa dijei, akanyoosha mkono. Muziki ukazimwa. Mama Moto akinyoosha mkono, hata wewe ungezima.

"Ryan. Kreti ya wazee iko wapi?"

"Mathe, si mbele ya wateja."

"Hawa ndio wateja. Iko wapi?"

"Mathe, ni wazee wachache tu. Wanakaa na moja mpaka jioni. Siwezi kupanga baa yote kwa sababu yao."

"Kwa hivyo waende wapi? Wakaulizwe na nani?"

Hicho ndicho kitu Mama Moto alikuwa anapigania. Kelele zingine zote za taa na jani na sofa zilikuwa kelele tu. Yeye alitaka mzee akiingia Taa Kijani, awepo mtu wa kumuuliza anataka nini. Hilo likiisha, alisema, wabadilishe pia jina, waandike tu Friji.

Ryan akachoka. "Sawa. Niambie kreti itakaa wapi. Nafasi hakuna. Nionyeshe nafasi hata moja."

"Itakaa chini yangu," Wacuka akasema.

Na kweli. Kesho yake walimkuta pale mlangoni amekalia kreti ya bia, juu yake mto wa kusokotwa kwa uzi. Wazee wakiingia, wanapitia kwake. Na ili upate chupa yako, ilibidi Mama Moto asimame. Na magoti, mnakumbuka, yalikuwa yamekataa.

"Moto ama baridi?"

"Moto, Wacuka."

"Mungu wangu. Nimekaa sasa hivi! Mnaniamsha kama kuku anayetaga!"

Wale wazee ni watu wabaya. Walikuwa wanaitisha mmoja mmoja makusudi. Huyu akipewa, akishakaa chini, yule anakohoa. Ryan alimbembeleza mama akae kwa sofa, amtume Tiffany. Akakataa. Sofa, alisema, ni ya watu wanaotaka kumezwa. Tiffany akawa anamshika kiwiko asimame, na polepole akajifunza nani ni nani. Hata vijana wa sofa wakaanza kuja kuulizwa, kwa mchezo tu. Mmoja akaonja moto. Akasema, "Manze, hii ina ladha." Wacuka akamwambia, "Ilikuwa nayo hata kabla hujazaliwa."

Hivyo ndivyo alivyokaa, analalamika, anasimama, anakaa, mpaka mwezi uliopita. Alikuwa nyumbani kwa binti yake, Jacky. Alikula, akalala mchana, hakuamka.

Jacky alituambia hivi: "Watu wananiuliza mathe alisema nini mwisho. Alilalamika. Nilikuwa nimemletea chai na imepoa. Akaonja, akanirudishia kikombe, akasema, 'Jacky, si ungeniuliza?'"

Alizikwa kwao Murang'a. Kinyanjui alienda, na fimbo yake. Waliporudi mjini, wazee walikuja Taa Kijani moja kwa moja na koti zao za mazishi. Ryan alikuwa ametangulia. Taa za zambarau zilikuwa zimezimwa. Dijei hakuwepo. Hakuna mtu alikuwa amepanga hivyo; Ryan alisema tu hakuweza kuziwasha.

Wazee wakaingia, wakasimama. Hakuna aliyejua akae wapi. Ryan alikuwa pale mlangoni, amechoka, bado ana vumbi la makaburini kwa viatu. Akamtazama Kinyanjui. 

"Guka. Moto ama baridi?"

 Kinyanjui alimtazama kutoka juu mpaka chini.

"Moto," akasema. "Lakini itabidi usimame, kijana."

Hapo ndipo Ryan alijiangalia. Alikuwa ameingia na kuchoka kwake, akakalia kitu cha kwanza kilichokuwa karibu. Mto wa kusokotwa kwa uzi. Alikuwa amekalia kreti ya mama.

Akasimama. Akatoa chupa, akampa mzee kwa mikono miwili. Akaketi tena. Na kabla hajatulia, kule nyuma mzee mwingine akakohoa.

"Ai, jameni!" Ryan akasema. "Mnaniamsha kama kuku anayetaga!"

Tiffany anasema hapo ndipo watu walianza kulia. Kaburini walikuwa wamejikaza wote. Kelele ile ya kuku ndiyo iliwamaliza.

Kreti bado iko mlangoni, wasikilizaji wapendwa. Taa za zambarau zimerudi, spika zimerudi, jani liko juu ya supu, na mimi bado sijaambiwa ni la nini. Lakini kreti iko mlangoni, na aliyeikalia lazima asimame.

Kwa Ryan, kwa Jacky, kwa Tiffany, kwa Mzee Kinyanjui na wote wa Taa Kijani: poleni sana. Tumelia na nyinyi. Ambaro, pole pia, na vikombe vyako.

Na wewe unayenisikiliza, kuna mtu hapo nyumbani kwako. Pengine ni mzee. Pengine umemzoea, umeshaamua anapenda nini, unamwekea tu mbele, unaondoka. Leo kabla hujampakulia, simama kidogo umuulize. Akikujibu kwa ukali, usijali. Amengoja sana kuulizwa.

Mama Moto, lala salama. Na huko uliko, tunaomba kitu kimoja tu: wawe wamekuuliza unataka chai yako vipi.