Chupa Tatu za Kwenda Butiama

Basi lilipotoka Musoma, Faudhia, fundi cherehani wa Bunda, alitaka kusinzia. Kijana wa kiti cha mbele akamnyima usingizi. Alikuwa anamsimulia mama aliyekaa naye kwamba akishuka tu Bunda ataanza kutembea kwa miguu, siku tatu mpaka Butiama, begi mgongoni.

"Chakula nimepanga, mama. Dagaa wakavu, makopa ya muhogo na unga. Vyote vyepesi."

"Na maji?"

"Chupa tatu, lita mojamoja."

Mama akacheka mpaka kitambaa cha kichwani kikalegea. "Mimi nauzaga dagaa, baba. Dagaa wanataka maji, makopa yanataka maji, ugali nao unataka maji. Wewe utakunywa nini, jasho?"

"Nitakunywa kwa ratiba. Nimeiandika."

Faudhia alitamani kuiona hiyo ratiba, kama ina saa ya kuzimia.

"Si utaomba maji kwenye miji ya watu?" mama akauliza.

"Nimeapa kujitegemea, mama. Siombi mtu."

Basi liliposimama Bunda, kijana aliinuka, akavuta begi lake. Chupa mbili tupu zikabiringika hadi miguuni kwa Faudhia. Ya tatu alikuwa nayo mdomoni, anaimalizia.