Mwalimu Pulchérie na Daftari la Saa za Mapumziko

Ijumaa, tarehe 26 Juni 2026, Mwalimu Pulchérie Nduwimana anastaafu baada ya kufundisha miaka kumi na saba katika shule yetu ndogo ya jumuiya hapa ughaibuni, Etobicoke. Mimi niliyeombwa kuandika haya ni mzazi tu, mpakua mizigo ghalani kule Malton. Niliishia darasa la sita, na nilitoka kwetu Rumonge miaka kumi na moja iliyopita. Mtanisamehe nikikosea.

Alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, akafundisha huko. Hapa alianza upya: alifagia madarasa huku akisomea cheti cha ualimu. Alipokipata, wengi walidhani atakimbilia shule za serikali kama wenzake. Hakwenda.

Tuseme ukweli. Binti yangu Iteka, mwaka wa darasa la pili pekee, alifundishwa na walimu wanne. Wa kwanza alikuwa hodari kuliko wote niliowahi kuwaona. Novemba akapata nafasi kwingine, tukamkatia keki. Wa nne sikuwahi kujua hata jina lake. Sisi wazazi tunafurahia anayetabasamu Septemba shule zikifunguliwa, hatuulizi nani atakuwepo Machi.

Mwaka huo Iteka alileta karatasi zimeandikwa 4, 4, 4. Kwetu nne juu ya kumi ni aibu. Nilimnyima televisheni wiki mbili, naye akalia akijitetea kwa Kiingereza nisichokielewa. Hakuna mwalimu aliyekaa vya kutosha kunieleza. Mwalimu Pulchérie, ambaye hata hakuwa akimfundisha, ndiye aliyenisimamisha nje ya kanisa: "Baba Iteka, hapa nne ndiyo juu kabisa. Tano haipo. Nenda ukamwombe mtoto msamaha." Nilimwomba. Hadi leo Mwalimu hunisalimu kwa vidole vinne.

Mwaka uliofuata alimpokea Iteka darasani kwake, akaenda naye hadi la tano. Ana daftari la bluu lenye saa ya mapumziko ya kila mzazi, awe ghalani, hospitalini au jikoni kwa watu. Hupiga simu saa hiyo hiyo. Habari ikiwa nzuri, huisema papo hapo. Ikiwa mbaya, huuliza: "Umeshakula? Basi kula kwanza, nitapiga tena." Sijamwona mzazi aliyemaliza chakula hicho.

Si malaika. Hajui kuimba na bado anaongoza kwaya ya watoto, na kompyuta humtoa jasho.

Mama yake Iteka bado anasubiri karatasi zake za kuja huku, katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mtoto hunijibu kwa Kiingereza. Kuna wiki ambazo simu ya Mwalimu ndiyo mazungumzo pekee niliyoyapata kwa lugha yangu, na yalikuwa juu ya mwanangu. Septemba sijui nani atapiga. Kwenye ubao wa shule, mbele ya darasa la sita atakaloingia Iteka, hakujaandikwa jina la mwalimu. Naomba kamati ya shule imkabidhi daftari lile yeyote atakayekuja, na imwombe abaki.

Mwalimu, asante. Sasa lala mpaka uchoke kulala, na Mungu akupe siku nyingi zenye afya.

Sherehe inaanza saa saba; mimi niko zamu hadi saa tisa. Saa yangu ya mapumziko inabadilika Julai, nimeiandika kwenye kikaratasi, ninacho mfukoni. Nikiwahi basi, nitafika saa kumi na robo. Msifunge mlango.

Déogratias, baba Iteka