Historia ya Carine Hoffelt, Aliyengoja Mtihani Upite

Ndugu waombolezaji, majirani zetu wa hapa Wiltz, wafanyakazi wenzake, nanyi wanafunzi wenzake mlioacha darasa la Jumamosi mje kumzika, mimi ni Aloyse, kaka yake, familia imeniomba niwasomee maisha ya dada yangu, nami nitasoma, na nikishindwa njiani mtanivumilia.

Marehemu Carine Hoffelt alizaliwa hapa Wiltz tarehe 9 Februari 1976, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi wa kiwanda cha ngozi, akasoma shule ya msingi hapa hapa na sekondari mjini Diekirch, akahitimu mwaka 1995, na kwa kuwa baba alikuwa ameshafariki hakwenda chuo kikuu, bali Oktoba mwaka huo alianza kazi katika kampuni ya mifuko ya uwekezaji mjini Luxembourg, akapanda hadi idara inayohakikisha kampuni haivunji sheria. Tarehe 12 Juni 2004 alifunga ndoa na Romain Thill, wakajaliwa binti mmoja, Jil, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2007.

Hamu ya chuo haikumtoka. Septemba 2023, akiwa na miaka arobaini na saba, alipokelewa kwa uzoefu wake wa kazi kwenye masomo ya uzamili ya sheria za Ulaya zinazosimamia mabenki na mifuko, yale ya watu walio kazini, Ijumaa jioni na Jumamosi kutwa, akawa anasoma kwenye treni na jikoni huku supu ya maharage ikichemka, na mimi mwoka mikate nilimtania, "We Carine, uzee unaingia nawe unaingia darasani?", naye akanijibu, "Kaka, kanda unga wako, mimi nakanda sheria." Darasani walimwita Mama Kifungu, maana kila hoja aliidai kifungu chake, na hata Romain akisema chakula kimeiva aliulizwa, "Kwa kifungu gani?"

Novemba 2024 tumbo lilianza kumuuma, akakonda, Romain akambembeleza, "Mke wangu, twende kwa daktari," naye akasema baada ya mtihani wa mwisho wa mwezi Juni, na hapa ndipo ninapopandwa na hasira, mnisamehe. Carine aliamini kwamba daktari akimwandikia likizo ya ugonjwa, likizo yake ya masomo, yaani siku alizopewa kazini ili asome na kufanya mtihani, inafutika, na kwamba aliyeandikiwa kupumzika nyumbani hawezi kuonekana kwenye chumba cha mtihani bila kuvunja sheria, na mtu aliyekula mshahara miaka yote kwa kuwazuia wengine wasivunje sheria, angefanyaje? Hakuna aliyemwambia hivyo, alijisomea mwenyewe, akajihukumu mwenyewe. Juzi mwalimu wake aliniambia huku akilia, "Angeniuliza tu, tungemsogezea tarehe."

Alifanya mtihani tarehe 20 na 21 Juni 2025, Jumatatu ikawa sikukuu ya taifa, Jumanne akaenda kwa daktari, ikaonekana saratani ya utumbo imeshafika kwenye ini. Mwezi Julai Jil alimsomea matokeo akiwa kitandani hospitalini, amefaulu, Carine akatabasamu, akamgeukia daktari, "Haya, sasa niandikie hiyo likizo ya ugonjwa." Tulicheka wote, Romain akatoka nje kulia. Dada yetu alifariki asubuhi ya tarehe 30 Septemba 2025, akiwa na miaka arobaini na tisa, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliotuletea chakula hadi hatujui sufuria ipi ni ya nani, wafanyakazi wenzake waliobeba kazi zake, nanyi wanafunzi wenzake. Wengine wenu bado mna mitihani, nawaomba, anayeumwa aende kwa daktari, mtihani una marudio.

Umefaulu, Carine, na mimi kaka yako ningependa ungefeli, ukawa hai. Pumzika, dada yangu.