Walisema Nimeziroga Nyanya za Mwanangu

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe tena! Mnivumilie nikikohoa katikati, kifua changu bado kina vumbi la Buhongwa. Mimi si msemaji, ila nimeona nikinyamaza nitakuwa namnyima Mungu kilicho chake.

Ndugu zangu, tulikuwa na shamba la nyanya kule Buhongwa, bondeni, chini ya kilima. Marehemu mume wangu alimwachia mwanetu Masanja, naye alilipenda kweli. Wachuuzi walikuja wenyewe shambani, wakawa wanagombania matenga. Nyanya zile ndizo zilizotuezekea nyumba bati, ndizo zilizowasomesha wajukuu. Mimi nilikuwa na kibanda changu pembeni, na kila aliyepita njiani alisimama kuniamkia.

Kisha ikaja mashine ya kusaga kokoto kule juu kilimani. Tulifurahi! Tulisema vijana watapata kazi. Ikawa inasaga tangu asubuhi mpaka jioni, na vumbi jeupe linashuka bondeni kama unga. Likakaa kwenye majani, kwenye masufuria, kwenye kope zetu. Macho yangu yakawa mekundu, yasipone.

Msimu wa kwanza nyanya zilipungua. Uliofuata, maua yalipukutika kabla ya kufunga matunda, na yaliyofunga yalitoka madogo, yana mabaka. Masanja akaongeza mbolea. Akapulizia dawa, akarudia, wadudu wakabaki palepale. Wachuuzi wakageuza nyanya mkononi, wakasema, "Hizi hazina soko," wakaenda kununua Misungwi. Mjukuu wangu mkubwa akaacha shule, akaenda kubeba mawe kwenye mashine ileile.

Moyo uliniuma. Nikawa naamka kukipambazuka, napita mche kwa mche, nakung'uta vumbi kwa mkono huku naomba. Nilidhani ni uchafu tu, sikujua kwamba ndio unaotumaliza. Nilimwomba Mungu amkumbuke mwanangu. Lakini waliopita waliona nini? Bibi kizee mwenye macho mekundu, anashikashika miche alfajiri, midomo inachezacheza. Ndugu zangu, mnajua huku kwetu mtu wa namna hiyo anaitwaje.

Salamu zikakatika. Watoto wakawa wananikimbia. Masanja akaenda kwa mganga, akarudi hawezi kunitazama usoni.

Siku moja mchana alirudi kutoka sokoni na matenga yake yote, yamejaa vilevile. Nyuma yake wakaja watu wenye fimbo na mapanga. Miongoni mwao nikamwona Mama Ngollo, rafiki yangu tangu usichana. Tulikuwa tukichota maji pamoja, tukisimama pamoja misibani. Nikasema moyoni, Yesu, hata huyu?

Masanja akasema, "Mama, nimekukosea nini? Si bora ungeniua mimi, ukaacha shamba watoto wapate kula!"

 Nikaliita jina la Yesu kimoyomoyo. Ndipo mke wa Masanja, Kabula, akatoka jikoni, mikono imejaa unga, akasimama mlangoni pangu.

"Atakayemgusa mama aanze na mimi," akasema. "Masanja, anza wewe!"

Hakuna aliyesogea! Ndugu zangu, binti yule ana mwili mdogo kuliko wangu. Nani alimpa nguvu ile? Mmoja akashusha panga, wengine wakarudi nyuma. Haleluya! Siku ileile Kabula akanipeleka kwa binti yangu anayeishi Misungwi. Huku nyuma walikibomoa kibanda changu, lakini uhai nilikuwa nao.

Kule Misungwi nilikula uchungu kuliko ugali. Niliapa kwamba Masanja si mwanangu tena. Nilienda ibadani, nikaimba, na kiapo kile kikakaa kifuani kama jiwe.

Msimu uliofuata, mimi sipo, nyanya zikafa vilevile. Masanja akakosa wa kumlaumu. Kabula ndiye aliyekwenda kumwita bwana shamba. Alipofika alifuta jani kwa kitambaa, akawaeleza kwamba vumbi linaziba majani yasipate mwanga, na dawa wanayopulizia inaishia juu ya vumbi. Kisha akawapeleka nyuma ya jiwe kubwa lililoko mwisho wa shamba, ambako vumbi halifiki sana. Miche michache ya pale ilikuwa ya kijani, imezaa. Kabula anasema Masanja alikaa chini palepale.

Akaja Misungwi. Akasimama nje ya uzio, haingii.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Sikuwa nimepanga kusema hivyo! Ni Bwana aliyekitoa kile kiapo kifuani mwangu kabla sijajua. Mwanangu akalia kama mtoto mdogo, nami nikalia.

Namshukuru Mungu, ndugu zangu, lakini nasikitika. Shamba la baba yake hatunalo. Masanja alikata tamaa akaliuza kwa bei ya kutupa, na leo analima kwa kukodi. Mjukuu wangu hakurudi shule. Mama Ngollo alifariki kabla hatujaonana. Wanasema alikuwa akiniulizia. Natamani ningewahi kumwambia kwamba sina neno naye. Misimu yote ile tulichunguzana sisi kwa sisi, na vumbi lilikuwa likishuka mchana kweupe mbele ya macho yetu! Hakuna hata mmoja wetu aliyepanda kilimani kuuliza.

Masanja yuko hapa, amekaa kule nyuma. Sikuja kumwaibisha. Ni yeye aliyeniambia, "Mama, kawaambie."

Basi nawaambia. Shamba lako likikataa, mwombe Mungu, mwite bwana shamba, lakini usiende kumsingizia mama yako. Na kama hapa yupo anayesemwa kama nilivyosemwa mimi, asiyeamkiwa tena njiani, mwamini Bwana. Anakujua, na anajua ulichokuwa ukiomba. Ibada ikiisha usitoke peke yako. Njoo pale tulipokaa mimi na Kabula, tutakusogezea kiti.