Rut Tusekile Hakurudi Nyuma

Jumapili tarehe 18 Mei 1913, saa mbili kasoro robo asubuhi, kengele ya kwanza ya ibada ikiwa inalia, Rut Tusekile alijifungua mapacha, na kila alichotendewa baadaye, pamoja na neno lililosemwa jana hapa msibani kwamba bibi huyu "aliwahi kurudi nyuma", kilianzia saa hiyo. Familia ilikubaliana tangu jana jioni kwamba historia hii isomwe bila kuruka kitu, kwa kuwa marehemu mwenyewe hakuruka.

Marehemu alizaliwa Ikombe, mwaka ambao hatukuweza kuuthibitisha, ila mama yake alisema ng'ombe wa wenzao wa nchi kavu walikuwa wanakufa kwa sotoka, kwa hiyo tunakadiria 1894. Baba yake, mzee Angetile, alikuwa mvuvi, mama yake mfinyanzi, naye alijua kuzungusha udongo ndani ya kigae kabla hajajua kusoma. Alisoma shule ya misheni kuanzia 1903 hadi 1907, akabatizwa siku ya Pasaka 1909, na kazi ya vyungu aliifanya maisha yake yote, akivivusha kwa mtumbwi kwenda kuuza Matema.

Alifunga ndoa Septemba 1911 na Eliud, mwana wa Asajile, mzee wa kanisa katika mtaa mmoja uliokuwa nyuma ya mahali panapoitwa leo Bondeni. Mama mkwe alimfundisha mwenendo wa mke katika nyumba ya Wanyakyusa, kwamba akisikia sauti ya baba mkwe ajifunike na kupisha njia, asiingie alimo, asitamke jina lake, wala asifungue kinywa mahali ambapo sauti yake itamfikia. Watu wa ziwani, Wakisi wenzake, walimcheka, lakini yeye alilishika jambo hilo kwa bidii ya mgeni anayeogopa kuaibisha kwao, hata akawa anazunguka kupitia kwenye mpunga ili asikutane na mzee njiani.

Mapacha walipozaliwa, Eliud alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya serikali ya Wajerumani, na mama wadogo wa Eliud, wakiogopa kwamba ukoo wote utavimba miguu kwa kuzaliwa watoto wawili kwa pamoja, walitaka dawa ya mapacha inywewe. Marehemu aliwaambia, "Mimi nimebatizwa, mama, dawa hiyo kunyweni wenyewe." Siku ya nne, akiwa na homa na hajitambui, walimtilia katika uji. Alipopata nafuu wakamwambia wenyewe, tena wakicheka, "Umekunywa, mwanetu, na Mungu wako hakukuzuia."

Habari ikafika kanisani, na Jumamosi tarehe 21 Juni 1913 aliitwa mbele ya baraza la wazee. Walikaa ndani, na miongoni mwao alikaa Asajile, baba mkwe wake, hivyo marehemu hakuweza kuingia, akachuchumaa nje nyuma ya ukuta wa matete akiwa amejifunika kanga, watoto wote wawili mapajani. Wakamuuliza mara tatu, "Mama Rut, dawa ulikubali au hukukubali?" Hakujibu, kwa maana kila aliyekuwa mle ndani alijua kwamba mkwe hawezi kusema Asajile akisikia. Mzee Zebedayo akafanya mzaha, akasema, "Huyu Mkisi leo amemeza ulimi, na sokoni anavyowapigia watu kelele na vyungu vyake," wakacheka, kisha wakaamua kwamba aliyenyamaza amekiri. Akatengwa na meza ya Bwana, na watoto wakanyimwa ubatizo.

Tunasema wazi, kwa heshima ya wazee waliopo, kwamba Asajile hakuhitaji kumtetea. Hakuhitaji kusema neno hata moja. Alihitaji kusimama, kutoka nje na kwenda kukaa mbali kidogo, mkwe wake ajibu, na hakusimama. Waliokuwa wanakataza dawa kwa sababu ni mila waliitumia mila ileile kumfunga mdomo mama wa watoto wawili wachanga, kisha wakaliita jambo hilo imani.

Mtoto wa kiume, Hezroni, alikufa kwa ndui Oktoba 1914 bila kubatizwa, akakataliwa makaburi ya kanisa, mama yake akamzika Ikombe, akasoma Zaburi mwenyewe. Eliud alifia vitani mwaka 1916 akiwa mbebaji, na mwaka huohuo, baada ya wamisionari wa Kijerumani kuondolewa, baraza jipya lilimrudisha marehemu kundini na Naomi, pacha wa kike, akabatizwa. Hakuna aliyemwomba radhi. Aliishi miaka hamsini na tisa baada ya hapo, hakuolewa tena, na alipoulizwa kwa nini hakuliacha kanisa lile, alijibu, "Lilikuwa la nani, la Zebedayo?"

Marehemu ameacha mtoto mmoja, mama Naomi, aliyeketi hapa mbele, wajukuu sita na vitukuu kumi na wanne. Alianza kuugua kifua tarehe 2 Januari mwaka huu 1975, akalazwa hospitali ya Kyela, akafariki Jumanne tarehe 11 Februari, saa tisa alasiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza kitandani bila kuchoka, majirani wa Ikombe waliomvusha kwa mtumbwi ziwa likiwa limechafuka, akina mama wafinyanzi wenzake waliosimamisha kazi tangu Jumanne, na wote mliofika, ndaga fijo, asanteni sana.

Lililobaki ni lile la kumjibu aliyesema jana. Baada ya hukumu ile marehemu hakulala usiku kucha, aliogopa sana, alisema mwenyewe. Jumapili tarehe 22 Juni 1913, asubuhi, wakati Asajile amesimama mbele ya kutaniko akisoma somo, aliingia kwa mlango mkubwa na watoto wake, kichwa wazi, akatembea hadi katikati, akamtazama baba mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akasema watu wote wakisikia, "Asajile, jana mliniuliza. Sikukubali. Nililishwa." Halafu akatoka, akaketi chini ya upenu, na wimbo ulipoanza ndani, akauimba na yeye kutoka pale nje, beti zote.

Pumzika sasa, Rut Tusekile, umesikika.