Shamba Alilolichoma Mama Mbelewele

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkaguzi wetu mkuu wa mazao yaliyobadilishwa vinasaba anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Jina la kwenye kitambulisho mnalijua, ila hapa ofisini ni Mama Mbelewele. Akifika kwenye shamba la majaribio, kabla hajasalimia mtu, hutazama juu kuona kama mbelewele, yale maua ya kileleni mwa mahindi, zimefunikwa mifuko, chavua isije ikapeperukia kwa jirani.

Alianza kazi sheria yenyewe haijatungwa, katika chumba kimoja chenye meza mbili na kabati lisilofunga. Watafiti walimwona kikwazo, wanaharakati wakamwona kibaraka wa watafiti, naye aliwakaribisha wote chai ileile iliyopungukiwa sukari. Kanuni alizikariri hadi jikoni. Mumewe anaapa kwamba siku moja alimuuliza chumvi iko wapi, akajibiwa kwa kifungu na kifungu kidogo. Tulipompelekea shada la maua hospitalini, alitaka kwanza kujua limetoka shamba gani. Jamani!

Lakini huwezi kumsimulia Mama ukaliruka lile shamba la mahindi yanayostahimili viwavijeshi. Watafiti walikuwa wameihangaikia mbegu ile miaka na miaka. Kanuni ilitaka mbelewele zifunikwe kabla hazijachanua. Sasa, wakubwa walikuwa wanakuja kupiga picha, basi msimamizi akaona mifuko italiharibia shamba sura. Akaahirisha mpaka wageni waondoke. Mama akawahi kufika. Akatikisa bua moja, kiganja kikajaa unga wa njano, na ng'ambo ya uzio mahindi ya jirani yalikuwa yameshatoa nywele, tayari kupokea chavua. Akaamuru shamba lote lifyekwe na kuchomwa, na la jirani vilevile, kwa fidia.

Simu zikapigwa kutoka juu, hakutetereka. Kilichomuumiza ni kaka yake, mkulima, ambaye viwavijeshi walikuwa wamemmaliza misimu miwili mfululizo na tumaini lake lote lilikuwa kwenye mbegu ile. Aliposikia redioni ni nani kachoma, alikata mguu kwa dada yake. Hata mama yao alipougua, walipishana mlangoni bila salamu. Mwenzetu akakonda tukimwona, na roho zilituuma.

Majaribio yakarudiwa, safari hii mifuko ikiwa mahali pake. Mwaka jana, kabla ya uamuzi wa kibali cha mbegu hiyo, wananchi waliitwa kutoa maoni. Ukumbi ulichemka, kila mtu akitaka kujua nani atawahakikishia kwamba hawafichwi kitu. Mama alieleza kilichopimwa na ambacho bado kinafuatiliwa, bila kupamba. Kelele zikazidi. Ndipo kaka yake akaomba kipaza sauti.

Alisema kwa msimu ule bado hajamsamehe dada yake, asidanganywe mtu. Ila aliyeweza kuichoma shibe ya ndugu yake wa tumbo moja hawezi kuwaficha wao chochote, na yeye mbegu hiyo ataipanda. Mama akafunika uso kwa mtandio akalia, nasi wenzake tukashindwa kujizuia.

Kibali kilitoka. Leo kaka huyo ndiye aliyemleta hapa, na ameketi naye meza kuu.

Asante, Mama Mbelewele, kwa kutulinda hata tulipokununia. Tunakuombea afya tele, usingizi mtamu na siku ndefu katikati ya watu wako.