Papa Hakorimana Hakukosa Kikao

Tarehe 30 mwezi huu wa sita, Papa Faustin Hakorimana, mkuu wa chumba chetu cha jibini kilimani juu ya Mweso, anavua koti jeupe baada ya miaka thelathini na miwili katika Ushirika Tuinuke. Kamati ya Goma imeniomba mimi, mwenzake wa meza moja, niandike maneno machache ya kufurahisha kwa programu ya sherehe. Ya kufurahisha yapo na nitayasema. Yapo pia yanayonichoma, na hayo sitayameza ili karatasi ipendeze.

Tuanze na mema. Papa Hakorimana aliingia kazini akibeba bidoni za maziwa kutoka malishoni. Akajifunza kugandisha, kukata, kukamua na kugeuza jibini kwenye mbao, hadi akakabidhiwa chumba kizima. Wengi wanaotengeneza jibini leo kuanzia Kitshanga mpaka njia ya Walikale walipita mikononi mwake, na hakuna ambaye hakuwahi kurudishwa kunawa mikono mara ya pili.

Jibini isiyoiva haikutoka mlangoni kwake hata kwa harusi ya mkubwa. Mwaka mmoja wa vita tulipokimbia, watu walibeba magodoro, yeye akabeba jibini mgongoni. Kwenye kizuizi watu wenye silaha waliipasua moja kuona kama imefichwa kitu. Sisi wote tuliinamisha macho. Yeye akawakaripia: “Mumeikata mbele ya wakati. Hii ilikuwa inabakisha miezi mbili.” Wakacheka, wakatuacha tupite, wakabaki na kipande. Mpaka leo anakisikitikia.

Sasa nifike penye uchungu. Mwaka jana kamati iliamua kufungua shule ya kuwafundisha vijana kazi ya jibini, na kila mtu alijua mwalimu wake angekuwa nani. Mipango ingezungumzwa kila Jumatatu asubuhi kwa kompyuta, maana barabara ya Goma haina uhakika. Huku kilimani simu haishiki. Basi kamati ikamletea Papa kompyuta na wifi ya nyumbani, pamoja na fundi wa kuzifunga, Archange kutoka Goma.

Archange alifika mchana, jua likiwaka. Akafunga kisahani juu ya bati, akaandika neno la siri kwa mkono wake, mashine ikashika. Neno hilo hakumpa mwenye nyumba. Kamati ilikuwa imemwagiza alifiche, majirani wasije wakamaliza mega. Mzee wa watu akafanywa mgeni katika wifi ya nyumba yake mwenyewe. “Papa, wewe ikala tu mbele yake,” Archange alimwambia. “Wakikuita, italia yenyewe.” Kisha akapanda pikipiki akaenda zake.

Nani asiyejua kwamba kwenye vilima vyetu watu huzima umeme wa jua wakienda kulala, ili betri isife? Wifi ilizimwa pamoja na taa. Asubuhi ikawashwa, ikaamka vizuri, lakini kompyuta haikurudi kujiunga nayo, kwa sababu Archange hakutia alama kwenye kile kisanduku kidogo cha kwenye skrini kinachoiambia mashine ijiunge yenyewe kila inapouona mtandao wa nyumbani. Alama moja tu. Fundi mzima alitoka Goma na kidole chake, akasahau kuitia.

Jumatatu ilipofika, Papa alinyoa ndevu, akavaa koti la misa, akaketi mbele ya mashine. Mkewe, Mama Drocella, akafukuza kuku na kuwanyamazisha wajukuu. Mashine haikulia. Jumatatu iliyofuata ikawa vilevile, na nyingine, na nyingine. Tulipomwambia atume mtu Goma akaulize, alikataa. “Muntu haingiye mu kikao yenye hawakumuita. Wakinihitaji, wataniita.” Ndivyo alivyolelewa, na kwangu hilo si kosa. Aliamini wamemsahau, akaendelea kugeuza jibini zake kimya.

Kumbe huko Goma rais wa kamati, Papa Kataliko, alikuwa akiita. Hakujibiwa, akasema mzee anawadharau. Pikipiki za kushusha jibini yetu hazikosekani hata juma moja, lakini ya kupanda kuuliza mtu amepatwa na nini haikupatikana. Shule akapewa mtu mwingine. Tangazo la kustaafu likabandikwa kwenye depo yetu ya Mweso, likisema Papa Hakorimana anaondoka baada ya kukataa kuhudhuria vikao. Soko zima lililisoma. Wajukuu wake walilisoma wakitoka shuleni. Hilo ni tusi, na naliita tusi.

Mwezi uliopita binti yake Uwingabire, anayefanya kazi Kitshanga, alikuja kuwasalimia. Akaitazama kompyuta. “Papa, hii mashini haiko mu wifi.” Akageuza kile chombo cha wifi, na lile neno la siri, lililofichwa kama dhahabu, lilikuwa limechapwa chini yake. Akaliandika, akatia alama kwenye kisanduku, akazima umeme wa jua, akawasha tena. Kompyuta ikajiunga bila kuguswa na mtu.

Jumatatu iliyofuata mashine ikalia, maana jina la Papa lilikuwa bado kwenye orodha ya wanaoitwa. Nilikuwapo. Papa Kataliko alipouona uso wa mzee alishtuka.

“Papa Hakorimana, siku zote hizi ulikuwaka wapi?”

“Nilikuwaka hapa,” mzee akasema. “Kila lundi nilikuwa hapa, nimevaa, nangojea.”

Rais akaomba radhi, na nadhani aliomba kwa moyo. Lakini aliomba kwenye skrini, wakasikia watu wanne, na tangazo bado liko ukutani. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Kamati ilijikwaa ulimi, basi ulimi ndio utengeneze: siku ya sherehe tunataka rais asimame mbele ya watu wa Mweso aseme kwa kinywa chake kwamba mtu huyu hakukosa kikao. Wakilifuta neno hili kwenye programu, nitalisema mwenyewe.

Papa Hakorimana, sisi wa chumba cha jibini tunakushukuru kwa ukali wako na kwa subira yako, ingawa subira hiyo hawakuistahili. Ukae na Mama Drocella kwa afya na amani, ng’ombe wako wazae, ulale mpaka jua lipande. Na usikae tena kungojea mashine. Atakayekuhitaji apande kilima, apige hodi, akuite kwa jina lako.

Kétsia Mbambu, kwa niaba ya wafanyakazi